Maji ya Kisima cha Qurayyat

Mama yangu hakuwa na imani na maji ya mfereji. Tunaishi Al Amerat, na maji yanayotufikia bombani ni ya bahari, yaliyotolewa chumvi kiwandani. Mama akisema yamefuliwa mpaka yamepauka. Kwa chai yake alitaka maji ya kisima cha shambani kwa jamaa wa Baba, kule Qurayyat, na kila Ijumaa baada ya sala Baba alipakia madumu manne garini, akarudi jioni yamejaa.

Mama aliyaonja kwanza, taratibu, kama mtu anayechagua manukato. Kisha akatutazama kwa huruma, sisi tusiojua kitu. Wageni nao hawakupewa chai kabla ya kuhutubiwa.

Mwaka jana akataka kwenda kukiona kisima mwenyewe. Baba akataja joto, akataja mgongo wa Mama, akataja kasoro ya kiti cha mbele. Mama akapanda. Mimi nikakaa nyuma na madumu.

Shambani, mtoto wa ami yake Baba alimtekea kikombe, ingawa alionekana kushangaa kwamba kuna mtu anayeyataka maji hayo. Mama akapiga funda moja, akalitema. Chumvi tupu. Yule bwana akamweleza kwa upole kwamba mvua zimekuwa chache, mashamba yamevuta maji kupita kiasi, na bahari imeingia kisimani mwaka wa pili sasa. Wao wenyewe hunywa maji yanayoletwa kwa gari. Ya kisima hata mbuzi wameyakataa.

Baba alikuwa akiuchunguza mtende.

Ikabidi aseme. Siku alipoonja ile chumvi hakuwa na moyo wa kumwambia Mama, kwa jinsi alivyokipenda kisima kile. Tangu hapo akijaza madumu kwa shangazi yangu, mtaa wa pili kutoka wetu, kwenye mfereji wa uani.

"Na huku kila Ijumaa ukija kufanya nini?" Mama akauliza.

"Kucheza karata," akajibu Baba.

Tulipofika nyumbani Mama aliinjika birika kwa maji ya mfereji wa jikoni, akaonja chai, akasema imepungua tangawizi.

Ijumaa iliyofuata alikuwa ameshavaa buibui kabla Baba hajamaliza kula. Siku hizi huenda wote wawili, na Baba hunilalamikia kwamba hachezi kwa raha: Mama husimama nyuma yake na kumwambia karata ya kutupa.