Honi Kwenye Video ya Kwaya

Jina la Honi alipewa na mume wake, na kwa kweli lilimkaa. Mume alikuwa dereva wa lori enzi zake, kwa hiyo alijua anachosema. Mke akiita watoto wake waje kula, watoto wa mtaa wa pili nao walinawa mikono. Kazi yake ilikuwa udobi: pasi mkononi, nyimbo za kanisani mdomoni, na mteja alijua kama dobi yupo kabla hajakata kona.

Kisukari kilipomnyang'anya mzee macho, sauti ile ndiyo ikawa ramani yake ya nyumba. Kwa kuisikia alijua mkewe yuko uani, jikoni au mlangoni. Akinyamaza kidogo tu, mzee anaita: "Honi! Umeenda wapi?"

"Napumua, jamani! Nisipumue?"

Basi kwaya yake ya kanisani ikaamua kutoa video. Kwaya gani siku hizi haina video, watu wakipunga mikono mbele ya maua? Kwanza wimbo ulirekodiwa studio, na siku hiyo Honi alikuwa na mafua ya kufa mtu. Alikwenda hivyo hivyo. Akakohoa katikati ya ubeti, akapiga chafya kwenye kiitikio, na fundi wa studio akamwomba kwa adabu asubiri nje. Wenzake wakarekodi bila yeye. Aliporudi nyumbani mzee akauliza, "Mmerekodi?" Naye akajibu, "Tumerekodi," akakimbilia jikoni.

Hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe. Mzee alishawatangazia majirani wote: "Video ikitoka, mje hapa kwangu. Nyie mtatazama, mimi nitamsikiliza mke wangu." Nani ana roho ya kumwambia mtu kama huyo kwamba mke wake humo hayumo? Honi hakuwa nayo.

Siku ya kupiga picha za video ikafika. Kwaya ikajipanga mbele ya kanisa, wamevaa majoho aliyoyapiga pasi Honi mwenyewe. Mpiga picha alikuwa kijana mmoja waliyemwita Bwana Kata, maana hilo ndilo neno lililokaa mdomoni mwake kutwa nzima. Spika ikafunguliwa, wimbo ukaanza, wote wakawa wanachezesha midomo. Honi yeye akaimba. Na wanakwaya, waliozoea kumfuata miaka yote, wakaiacha spika wakamfuata Honi, ambaye hakuwahi kuwa na haraka na wimbo wowote. Spika ikamaliza ubeti, wao bado wako katikati.

"Kata!" Bwana Kata akamsogelea. "Mama, wimbo tayari umo kwenye spika. Wewe chezesha midomo tu."

"Nichezeshe midomo? Mbele za Mungu? Kama samaki?"

"Ni video tu, mama."

"Kwani video Mungu haangalii, mwanangu?"

Haya, wakajaribu tena. Honi akajikaza, mashavu yamevimba, mpaka kwenye kiitikio sauti ikamponyoka, na mwimbaji wa besi aliyekuwa mbele yake akaruka. "Kata!" Akapelekwa mstari wa nyuma. "Kata!" Akapelekwa pembeni kabisa. "Kata! Jamani, kata!" Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshashika kichwa. Ikabidi mchungaji mwenyewe aje, na upole wake wote.

"Mama yangu," akasema, "Mungu haangalii mdomo. Mungu anaona moyo."

"Mungu anaona, Baba Mchungaji. Mzee wangu haoni!"

"Mkimwekea hii video, kwake ni redio," Honi akaendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. "Atanitafuta humo mwanzo mpaka mwisho, mimi simo. Nimchezeshee midomo aone nini? Na ubeti wa pili ndio anaoupenda, huu hapa!" Akauimba wote, peke yake, kwa hasira, kidole kimemwelekea mchungaji puani. Akavua joho, akalikunja vizuri maana udobi ni udobi, akaenda kukaa kwenye benchi. Wakapiga picha bila yeye. Ikatoka safi mara moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku ya kuonyesha, sebule ilijaa majirani mpaka dirishani. Tangu asubuhi Honi alitaka kumweleza mzee ukweli, na kila akifungua mdomo, yeye wa kuitwa Honi, neno halitoki. Mzee alikaa mbele ya televisheni, shati limenyooka, sikio amelitega.

Ubeti wa kwanza ukapita. "Bado," akasema mzee.

Kiitikio. "Bado hajaingia. Subirini muone."

Ubeti wa pili ukaja, ukapita. Majirani wakaanza kutazama viatu vyao. Honi alikuwa amesimama mlangoni, anatamani ardhi ipasuke immeze. Wimbo ukaisha. Mzee alipapasa pembeni, akitafuta fimbo yake.

Ghafla televisheni ikafoka: "Nichezeshe midomo? Mbele za Mungu? Kama samaki?"

Weee! Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko. Mzee akapiga goti lake. "Honi hiyo! Si niliwaambia?" Bwana Kata baadaye aliapa kwamba kile kipande cha mwisho alisahau kukikata. Mtu ambaye kazi yake yote ni kukata, eti asahau! Hakuna aliyemwamini.

Kisha ikaja: "Mungu anaona, Baba Mchungaji. Mzee wangu haoni!" Mzee akaacha kucheka. Akasikiliza yote, neno kwa neno, na ubeti wake wa pili ukaimbwa kwa machozi na hasira mpaka mwisho, ukijikokota polepole kuliko muziki wowote uliowahi kupigwa.

Jirani mmoja akakohoa. "Turudishe wimbo mwanzo, mzee?"

"Wimbo ni mzuri," akasema mzee, anajifuta macho kwa mkono wa shati. "Lakini rudisha pale anapogombana na mchungaji."

Walipokuwa wanairudisha, akageuza kichwa huku na huku.

"Honi! Umeenda wapi?"

"Napumua," akajibu kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia.