Kinyozi wa Mto

Hakuwahi kumnyoa mtu. Jina la Kinyozi alipewa kazini, kwa sababu ya mto. Miaka ishirini na mitatu alivaa buti za mpira, akashika panga, reki na koleo, akifyeka matete na kuzoa tope katika mto unaopita katikati ya mji. Msimamizi alitaka uteleze kama sakafu. Jani moja likibaki, mnarudi. Kinyozi hakurudishwa hata siku moja.

Mkewe alimtania.

"Umeunyoa mpaka unang'aa kama kichwa cha mfungwa. Maji yatashika wapi?"

"Maji si kikongwe, mama. Hayahitaji mkongojo."

Walicheka wote wawili.

Masika moja, asubuhi, alikuwa upande wa juu wa mji anamalizia kichaka cha mwisho. Mvua ikapiga. Maji hayakukuta tete wala kona ya kuyapunguza mwendo. Yalishuka katikati ya kuta za zege kama yamefukuzwa. Chini huko, penye nyumba yake, yakaruka ukuta. Mkewe alikuwa kitandani na mguu wake mbovu. Kinyozi alikimbia, lakini nani ameshindana na maji akatangulia?

Ndani ya chumba ukabaki mstari wa tope, usawa wa kifua. Hakuupaka chokaa. Miaka sita alikunywa chai yake akiutazama.

Ndipo akaja injinia, binti mdogo, ramani kwapani. Mji umechoka kuzama, alisema. Kuta zitabomolewa, mto urudishiwe kona zake na matete yake, upate na mahali pa kutandaza maji mvua ikizidi. Zamani palikuwa na bonde. Kwenye ramani halimo.

"Wenzako wa zamani wanasema unalijua, baba."

"Matete mnayarudisha?"

"Ndiyo. Yanayatuliza maji."

Kinyozi alitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Bonde alilijua. Yeye na mkewe ndio waliolijaza kifusi, ndoo kwa ndoo, mke akibeba kichwani, yeye akishindilia. Wakajenga vyumba viwili juu yake. Akisema, nyumba inakwenda, na mstari wake, na mahali pa kitanda. Akinyamaza, mvua nyingine itamkuta mwingine kalala. Nyumba ya jirani, kando ya bonde, ni ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe.

"Umesimama juu yake," alimwambia injinia.

Habari ilimfikia shemeji kabla chai haijapoa. Alikuja na mwiko mkononi.

"Shemeji! Umemzika dada yangu, sasa unaizika na nyumba yake? Hata paka hung'ang'ania jiko lake!"

"Paka hakuunyoa mto, shemeji."

Mwanamke aligeuka na mwiko wake. Akarudi kwake, akaubamiza mlango.

Nyumba ilibomolewa asubuhi moja tu. Kuijenga kulikuwa kumewachukua miaka minne. Ukuta wenye mstari ulianguka mzima, kifudifudi. Kinyozi alipewa chumba cha uani na shemeji yuleyule, aliyemwekea godoro na blanketi bila kumsemesha.

Bonde lilipochimbwa tena, injinia alimwomba asaidie kupanda matete. Aliyapanda vibaya. Mkono ulizoea kung'oa. Mengine ilibidi ayarudie mara tatu, magoti yakiwa kwenye tope, mahali palipokuwa chumba.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka adhuhuri, majirani wamepandisha vyombo juu ya makabati, wanasubiri. Shemeji akafungua mlango.

"Shemeji, njoo uone. Yamesimama. Hata kizingiti hayajakigusa!"

"Nimeyaona."

Alikuwa nje zamani, kandokando ya bonde, analowa.

"Dada angekuwepo..." shemeji alianza. Akarudi ndani, anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Maji yalikuwa yameenea katikati ya matete, palepale pa kitanda, yanazunguka polepole. Hayakuwa na haraka hata kidogo. Kumbe yanajua kwenda taratibu. Yangejua siku zote, kama angeyaachia cha kushika.

Alibaki amesimama, akiyatazama, mpaka buti zikajaa mvua.