Kisima cha Shamba la Nasoro

Bondeni siku ile tulikuwa watano. Alikuwapo bibi yangu mzaa mama, Mwanahawa binti Mwinyimvua. Alikuwapo mjomba wangu, Kondo Shomari, mtoto wake wa pili. Alikuwapo binti wa mjomba huyo, Sikudhani binti Kondo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Alikuwapo Mzee Feruzi Mabruki, mkwezi wa minazi na mlinzi wa nyumba kubwa. Wa tano nilikuwa mimi, Athumani Juma, miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la pili. Wengine waliosema baadaye kwamba walikuwapo walifika jioni, mambo yalipokwisha.

Nilipokuwa mtoto, Shamba la Nasoro, nyuma ya Bunju, lilikuwa mbali na kila kitu. Bwana Nasoro bin Saleh alikwisha kufa kabla sijazaliwa, na warithi wake waliishi mjini. Tuliwaona wakati wa kuangua nazi tu. Juu ya kilima palikuwa na nyumba yake ya mawe, mteremkoni minazi, na chini kabisa bonde la mpunga. Tangu uhai wake, watu wa jirani waliruhusiwa kulilima bonde hilo, na kila nyumba ilikuwa na ngwe yake. Tulipanda masika yalipoanza. Vuli ilikuwa ya kunde na mihogo. Katikati, mpunga ulipoinamisha vichwa, tulihamia kwenye madungu kuamia ndege, tangu alfajiri hadi magharibi. Dungu ni kitanda cha miti juu ya nguzo nne. Mtu hukaa juu yake na kombeo na chungu ya vidonge vya udongo, akapiga kelele mpaka sauti imkauke. Ndege hawana Ijumaa wala sikukuu.

Kati ya nyumba na bonde, nusu ya mteremko, kilikuwapo kisima cha mawe. Ukingo wake ulikuwa umebomoka upande mmoja. Bibi alikuwa na kanuni tatu juu ya kisima hicho, na alitupa zote siku moja, mimi na Sikudhani, tukiwa mkekani tunapukuchua kunde. Kwanza, jua la utosi hakuendwi kisimani, kwa maana saa hizo ni za wenyewe. Pili, mtu akisikia jina lake limeitwa upande ule mara moja, asiitike.

"Binadamu ana haja," alisema. "Ataita tena. Asiye binadamu huita mara moja tu. Ukimwitikia, umekwenda."

Kanuni ya tatu ilihusu sauti yako mwenyewe. Ukisikia maneno yako yamerudi kutoka kisimani, ufunge kinywa, kwa sababu kilichomo kimekwisha kukujua. Usikipe neno jingine mpaka mtu akuite mara mbili. Sikudhani aliuliza kama kukohoa ni neno. Bibi akampiga kofi dogo la begani, tukacheka wote.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Ijumaa, na shule ilikuwa imefungwa. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kujaza mtungi wa maji ya kunywa, na niliujaza. Lakini vidonge vyangu vya kombeo vilikuwa vimekwisha, na udongo ulikuwa mkavu, unavunjika mkononi. Basi nikachukua maji ya mtungi, nikakanda udongo. Nilikanda nikasahau nafsi yangu, nikapata vidonge vizuri zaidi ya mia, na mtungi ukabaki mtupu.

Sikudhani aliuona kabla yangu.

"Mwana wa skuli," aliniambia, "umewanywesha ndege?"

Nilimwambia anyamaze. Akasema yeye atanyamaza lakini mtungi hautanyamaza. Bibi akija na chakula ataomba maji, na nitachapwa mpaka nisahau kusoma. Hilo lilikuwa kweli. Jua lilikwisha kupanda, na saa ya kwenda kisimani ilikuwa imepita. Mjomba Kondo na Mzee Feruzi walikuwa wameondoka kwenda kusali Ijumaa, mwendo wa karibu saa nzima. Bibi alikuwa kibandani mwisho wa bonde, anapika. Sikudhani akaondoka zake akicheka. Nilidhani amerudi kwenye dungu lake.

Nilikaa juu ya langu, kisogo kwa mteremko. Saa zile hata ndege hupumzika. Bonde lilinyamaza, na mpunga haukutikisika. Ndipo nikasikia nyuma yangu, upande wa kisima, jina langu.

"Athumani!"

Ilikuwa sauti nzito, kama mtu aliyefunikwa na kitu. Iliita mara moja. Nilishika nguzo ya dungu kwa mikono miwili, nikasubiri ya pili. Nilihesabu mpaka kumi kama tulivyofundishwa darasani, kisha mpaka ishirini, kisha nikaanza tena. Ya pili haikuja. Nikasema moyoni, basi, hakuwa binadamu.

Jua lilipoanza kuelekea upande wa pili, ndege walirudi. Nilipaza sauti kwenye ngwe yetu, nikangoja kusikia sauti ya Sikudhani ikijibu upande wake, kama tulivyofanya siku zote. Sikuisikia. Niliona ndege wakitua kwenye ngwe ya mjomba, kundi zima, na hakuna aliyewafukuza. Dungu la Sikudhani lilikuwa tupu.

Hapa mtoto mwenye akili angemkimbilia Bibi. Mimi nilikimbilia ndege. Nililinda ngwe mbili, nikikimbia huku na huku na kombeo, ili ikionekana mpunga ni salama, mtu asiulize aliyeulinda. Bibi alipokuja na wali aliuliza alipo Sikudhani. Nilisema amekwenda kujisaidia. Aliuliza maji. Nikasema Sikudhani ndiye mwenye mtungi. Hata sasa naandika sentensi hiyo kwa aibu. Bibi alifunika sahani ya Sikudhani, akarudi kibandani kusubiri.

Wanaume walirejea alasiri ikikaribia. Mzee Feruzi alipanda nyumbani moja kwa moja, kisha akateremka haraka. Kamba ya kisima haikuwapo kwenye kigingi chake.

"Nani kaenda kuteka maji?" aliuliza.

Bibi alinitazama. Nilipofungua kinywa, yalitoka yote pamoja: mtungi, udongo, vidonge, na lile jina nililolisikia. Sikukemewa. Bibi aliuliza jambo moja tu.

"Umeitwa mara ngapi?"

"Mara moja, Bibi."

Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile. Alitupa ukaya wake wa kichwani njiani, akatutangulia sote, hata mjomba. Tulipofika tuliona ukingo umemeguka upya, na debe limelala pembeni. Kamba ilikuwa imeingia nzima. Ndani palikuwa na giza.

Bibi aliinama. "Sikudhani!"

Kimya. Tulisikia jina likizunguka mawe na kufa. Mjomba Kondo alikaa chini, akashika kichwa, akaanza kusema innalillahi. Mzee Feruzi alimwinua kwa mkono. Hakuna aliyesogea tena. Mimi nilikuwa naangalia midomo ya Bibi. Ilitikisika, ikafunga. Naamini wakati huo alikumbuka ule mkeka na zile kunde, kwa sababu alivuta pumzi, akainama zaidi.

"Sikudhani!"

Kutoka chini, taratibu, kama mtu aliyeitwa jikoni: "Abee, Bibi."

Mzee Feruzi, aliyezoea kupanda, siku hiyo alishuka. Alijifunga kamba yake ya ukwezi, mjomba akaishika juu, nami nikaishika nyuma ya mjomba ingawa sikuwa na msaada wowote. Walimtoa amelowa hadi kifuani, meno yanagongana, mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Alikuwa amesimama juu ya mguu mmoja tangu adhuhuri.

Mjomba alimuuliza, kwa hasira ya mtu aliyeogopa, kwa nini hakuita.

"Niliita," alisema Sikudhani. "Nimemwita Athumani. Kisima nacho kikamwita Athumani. Nikafunga kinywa."

Bibi alimvua nguo zilizolowa, akamvika kanga yake. Hakutazama yeyote kati yetu.

Siku ya pili, jua likiwa utosini hasa, Bibi alikwenda kisimani peke yake, akasimama pale palipomeguka. Akaita majina yetu sote watano, likiwamo lake mwenyewe, mara tatu kila moja. Mimi niliitika kutoka dungu langu. Sikudhani aliitika kutoka kitandani alikolazwa, mguu umefungwa vijiti, ingawa Bibi hangeweza kumsikia. Kuhusu kanuni zile, hakuzitaja tena mpaka alipofariki.

Mguu ulipona vibaya. Sikudhani alichechemea maisha yake yote, na alipoolewa Mbagala walimwita kwa jina la mguu huo, jina ambalo sitaliandika. Habari ya mtungi hakuwahi kuitaja. Alikwenda kisimani saa mbaya ili mimi nisichapwe, na hakunidai hata shukrani.

Shamba lipo mpaka leo. Nyumba zimelizunguka, ila jumba la mawe limehifadhiwa, na bonde linalimwa na kikundi cha wakazi kwa ngwe zile zile. Kisima kimefunikwa kwa zege na kuwekwa pampu. Msimu uliopita walitualika sisi wazee kwenye mavuno. Sikudhani alikuja na mkongojo wake, tukakaa barazani tukiwatazama vijana wakikata mpunga. Nilitaka kumwambia jambo nililolificha kwa zaidi ya miaka sitini. Kwa miaka hiyo yote nimesema sikujua aliyeniita. Nilijua. Sauti ilikuwa nzito, lakini ilikuwa yake, na mimi niliitambua palepale juu ya dungu. Kuitika kungekuwa kwenda kwa Bibi na mtungi mtupu. Kanuni ilinipa mahali pa kujificha, nikaingia.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache.

"Na mie nilijua ni mwangwi," alisema. "Lakini mtu yuko ndani ya kisima, atabishana na Bibi?"

Kisha akacheka, akaniita mwana wa skuli, akaomba maji. Niliinuka mwenyewe kuyaleta.

Simlaumu Bibi. Kisima kilikuwa kibovu na watu wazima hawakuwa karibu saa zile. Alitafuta maneno ambayo watoto wangeyaogopa kuliko kiu, akayapata. Ila tangu siku ile mimi huitika mara ya kwanza. Shuleni walimu walidhani ni adabu. Mke wangu alidhani ni uoga. Hata simu siiachi iite mara mbili, awe nani mpigaji.

Jumanne hii simu iliita, nikaipokea mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa Shomari, mwana mkubwa wa Sikudhani, yuko Mbagala. Sikudhani binti Kondo alifariki siku hiyo, saa saba mchana.