Mbolea kwa Bei ya Shifa

Hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika katika mji huu wa Kichina, sijaona wa kumshinda Shifa kwa kupatana bei. Mwanamke huyu Mrangi, mzaliwa wa Kondoa aliyekulia Kariakoo, akitamka tu "tai gui", yaani ghali mno, wenye maduka ya barabara ya Huanshi Zhonglu hukimbilia kikokotoo. Laoban, ndiye bosi wa duka, huandika bei yake, Shifa huifuta na kuandika yake, na mwishowe hushinda Shifa. Miaka yote aliyosafirisha mikoba ya Shiling, kitongoji cha karakana za ngozi, kwenda Dar hajawahi kulipa bei ya kwanza. Angelipa, nadhani angeugua.

Mwaka huu alijitwika mzigo wa aina nyingine. Kaka yake, Abubakary, analima mahindi na alizeti kule Kondoa, na msimu uliopita yeye na majirani zake walipanda bila mbolea. Si kwamba hawakujua faida yake. Bei ya mbolea ilikuwa imepanda, bei ya alizeti kwenye mashine za kukamua mafuta imeshuka, na mtu mwenye akili timamu hanunui mfuko ambao mavuno hayatarudisha hata bei yake. Wakavuna kiduchu, wengine wakaishia kula mbegu. Safari hii waliuza mbuzi, wakachanga, wakamtumia Shifa fedha ili atafute mbolea huko huko inakotengenezwa. Kampuni moja ya Dar yenye kibali cha kuingiza mbolea ikakubali kuupokea mzigo. Naye Shifa, kwa mdomo wake usio na breki, akaahidi mfuko mzima kwa kila kaya.

Basi akaenda kwa laoban Liang, mwenye ofisi ghorofani Huanshi Zhonglu na kiwanda nje ya mji. Kwa bei ya Liang, mifuko isingetosha kaya zote. Shifa akafanya alichozoea: tai gui, akainuka, akafika mlangoni, akaitwa arudi. Liang akamuuliza swali ambalo wenye viwanda wa mji huu humuuliza kila mnunuzi mgumu: unataka bei gani? Shifa akaandika bei yake. Liang akaitazama, akatabasamu, akasema inawezekana. Shifa aliteremka ngazi kichwa kimemvimba. Akampigia kaka yake, na Abubakary akawatangazia majirani msikitini baada ya sala.

Wiki hiyohiyo alikwenda Shiling kuchukua mikoba yake. Akanyanyua mmoja, mkanda ukabaki mkononi, mkoba ukaanguka chini. Akamgeukia mwenye karakana, mama wa makamo waliyezoeana, tayari kwa ugomvi. Yule mama wala hakukasirika. Alimkumbusha tu kwamba bei aliichagua Shifa mwenyewe, na kwa bei ile mkoba unaotoka ni ule.

Hapo Shifa akamkumbuka Liang. Bei ya mbolea nayo aliichagua mwenyewe! Mkoba ukishushwa bei, hupungua uzi na bitana. Mbolea ikishushwa bei, hupungua nini? Mikoba aliiacha hapo hapo, akakodi gari moja kwa moja hadi kwa Liang.

Liang hakuficha neno, maana kwake hapakuwa na cha kuficha. Bei ya kwanza ilikuwa ya mbolea kamili. Hii ya Shifa ilikuwa ya mbolea yenye nusu tu ya chakula cha mmea, na iliyobaki ni chembe za kujazia. Bei ilishuka robo, chakula kikashuka nusu. Mfuko ni uleule na uzito ni uleule, kwa hiyo nauli ya meli isingepungua, wala ya lori la kutoka bandarini hadi Kondoa. Angewapelekea watu mchanga kwa fedha za mbuzi wao. Rahisi ghali, tunasema, ila tunapenda kuwaambia wengine. Shifa aliyejiona mjanja wa mji alikuwa amenunua mbuzi kwenye gunia, tena gunia alilolishona mwenyewe, na aibu ilimchoma kwelikweli.

Njia nyepesi ilikuwepo, nayo ni kunyamaza. Kila kaya ingepata mfuko wake, na mahindi yakidumaa lawama ingebebeshwa mvua. Shifa hata hakuifikiria mara mbili. Akatoka kwenye korido, akapiga simu.

"Kaka, nimekosea," akasema. "Mfuko kwa kila kaya hautapatikana. Nitaleta michache, lakini iliyoshiba."



"Nimeshawatangazia watu, mdogo wangu. Umenitia aibu," akasema Abubakary. "Lakini aibu nitaibeba. Njaa ya watu sitaiweza. Leta hiyo iliyoshiba."

Wakakubaliana mifuko igawanywe, na kila shimo la mahindi lipate mbolea ya kujaa kizibo kimoja cha soda, basi. Kizibo cha kwanza ndicho kinachomlipa mkulima vizuri. Kadiri unavyoongeza, ndivyo kila kizibo kinavyorudisha kidogo. Alizeti ingefuata mwakani kwenye shamba hilohilo, ikitumia mbolea iliyobakizwa na mahindi.

Shifa akafuta uso, akarudi ndani. Akamwambia Liang anataka ile mbolea kamili, na kabla mzigo haujapakiwa atachagua mfuko yeye mwenyewe kwenye rundo, ukapimwe maabara. Liang akakubali. Akaandika ile bei ya kwanza, kisha, kwa kuwa alimjua mteja wake, akaifuta kabla hajaambiwa tai gui, akaandika ya chini kidogo na kumsogezea kikokotoo.

Shifa alikitazama. Vidole vilimwasha.

"Bu yao," akasema. Sitaki. Akaifuta bei ile, akairudisha ya kwanza kwa kidole chake mwenyewe.