Ngozi Aliyoiona Sindano

Katika makumbusho yale palikuwa na korido ya hatua arobaini na sita, na kila hatua ilihesabiwa kuwa miaka milioni mia moja. Ukiingia kwa mlango wa nyuma unaanza na dunia ikiwa moto mtupu. Unatembea, unatembea, na kwa hatua zaidi ya thelathini hukutani na kiumbe wa kumtazama usoni, ni vijidudu tu. Samaki wanakuja zikiwa zimebaki kama hatua tano kufika mlango wa mbele. Mijusi wakubwa, wale ambao kila mtu analipa kiingilio kwa ajili yao, wanakuja zikiwa zimebaki hatua mbili na ushei. Binadamu, pamoja na makelele yake yote, yuko kizingitini, upana wa mstari wa chaki.

Sindano alianza kazi kwa kuipiga deki korido hiyo, akiwa na miaka ishirini na miwili. Baba yake alikuwa fundi saa, na mkono ule mwepesi alimwachia mwanawe. Siku moja yule mtu wa chumba cha chini, aliyekuwa akisafisha visukuku, aliugua, na Sindano akaombwa ashikilie kwa wiki moja. Wiki hiyo ikawa miaka ishirini na sita, na jina la Sindano likamganda hata mkewe akalizoea.

Kazi yenyewe ni hii: jiwe linaletwa, ndani yake kuna mfupa ambao nao umekuwa jiwe, na mtu anakaa na sindano, brashi na kioo cha kukuzia, akitoa jiwe kwenye jiwe. Ukikosea kwa upana wa unywele umeharibu kitu kilichongoja miaka milioni nyingi ili uje ukiharibu wewe. Sindano hakukosea. Alikuwa na kiburi cha kazi, na kwa kweli alistahili kuwa nacho.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Kiumbe akigunduliwa mpya hupewa jina la kitaalamu, na mara nyingi ndani ya jina hilo huingizwa jina la mtu. Kwa mikono ya Sindano walikuwa wametoka viumbe wapya watatu. Wa kwanza alipewa jina la tajiri aliyechangia paa. Wa pili, jina la mwalimu wa Daktari, mkubwa wao wa kazi. Wa tatu akapewa jina la kilima alikookotwa. Kilima! Sindano alirudi nyumbani siku ile akamwambia mkewe kwamba afadhali angezaliwa mwamba.

"Zamu yako itafika, baba watoto," mkewe alimwambia. Alikuwa anamwambia hivyo kila mwaka, na kila mwaka Sindano alikuwa anaamini kidogo.

Basi akaja Meno.

Meno alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, aliyefanya kazi miaka sita kwenye kliniki ya meno kabla ya kuomba nafasi hii. Alikuja na vifaa vyake kwenye kipochi, vimepangwa kama vijiko vya harusi. Sindano alimfundisha yote: namna ya kuegemeza kiwiko, gundi ipi inakauka taratibu, lini uache na uende ukanywe chai. Meno aliandika kila kitu kwenye daftari na kumwita kaka. Baada ya miezi mitatu alikuwa anamaliza kwa siku nne kazi ambayo Sindano aliifanya kwa wiki. Hakuvunja mfupa, hakukwaruza. Wageni walioletwa kutazama chumba cha chini walianza kusimama kwenye meza yake.

Sindano aliona wivu. Tusimpambe. Alikuwa na kijiba cha roho kikubwa kama ngumi, akaanza kuhesabu mara ngapi Daktari anasimama kwa Meno na mara ngapi kwake.

Daktari huyu, ambaye hajawahi kumtibu hata kuku, alikuwa mkuu wa idara, mama mwenye haraka na miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Asubuhi moja alishuka ngazi akiwa ameshikilia sanduku kifuani. Ndani mlikuwa na jiwe la tope lililoganda kurasa kurasa, limepasuka katikati kama kitabu kilichofunguliwa. Upande mmoja ulibaki na mifupa ya mjusi wa urefu wa mkono, amejikunja vizuri kama mtu aliyelala. Upande wa pili ulibaki na alama tu ya mifupa hiyo, vishimo na mistari.

"Miaka milioni mia mbili na arobaini," Daktari alisema. "Kile kifo kikuu kimepita, karibu kila kilichokuwa baharini kimekwisha, na huyu mdogo yuko hapa anaota jua. Hajaandikwa popote. Ni mpya." Akavua miwani ya puani. "Na safari hii nimeamua, jina litakwenda kwa mtu wa chumba hiki. Aliyemtoa kwenye mwamba."

Sindano akasogeza brashi zake pembeni, akaandaa nafasi mezani kwake.

Daktari akaliweka jiwe la mifupa kwenye meza ya Meno.

"Mzee wangu," alimgeukia Sindano kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi, kwa kuwa alikuwa na miaka arobaini na minane tu, "jicho lako la kushoto limechoka, najua. Wewe chukua upande huu wa pili. Uusafishe taratibu, hauna kazi nyingi."

"Nimekuelewa," Sindano alisema.

Alielewa kwamba amepewa kivuli na mwenzake amepewa mwili. Walipoondoka kwenda kunywa chai alibaki peke yake na lile jiwe, na damu ikamchemka. Kivuli! Alilibeba hadi kwenye sinki, akafungua bomba, akalisugua kwa brashi ngumu kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Juu ya sinki hilo palikuwa na karatasi iliyobandikwa miaka kumi na tisa nyuma, maandishi ya Sindano mwenyewe: JIWE LA TOPE HALIOSHWI. Hakuitazama. Maji yakatiririka na weusi fulani, yakaingia bombani. Alilikausha, akaliweka kwenye trei ya mchanga, akalifunika kwa kitambaa, na kwa wiki tatu hakulifunua.

Wiki hizo tatu alikuwa akisikiliza. Sindano ya Meno ilikuwa na mlio wake, tik, tik, tik, bila kusita, na kila tik ilikuwa kama inasema jina la mtu mwingine. Nyumbani alikuwa mkali kwa watoto bila sababu. Mkewe alipouliza kulikoni, alijibu kwamba kazini kuna vumbi.

Siku moja mchana Meno alitoka kwenda kula. Sindano alijiambia anakwenda kuangalia tu kama gundi imekauka. Aliinama juu ya meza ya mwenzake, akashika kioo cha kukuzia.

Kazi ilikuwa nzuri, hilo lilimuuma mara moja. Fuvu lilikuwa safi, vidole vyote vipo. Kisha akaona, ubavuni, baina ya mbavu na jiwe, utando mweusi mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Mtu mwingine angesema uchafu. Sindano alisogeza taa chini, ikamulika kwa ubavu.

Ilikuwa ngozi. Magamba madogo kama ufuta, yamejipanga mishazari, safu kwa safu, na kila safu ya tatu ilikuwa nyeusi zaidi, kwa hiyo mjusi yule alikuwa na michirizi. Milima ilikuwa imeinuka na kumomonyoka, bahari zimefunguka, na ngozi ile ikabaki inamsubiri mtu wa kuielewa. Katika miaka ishirini na sita Sindano alikuwa ameisikia habari ya ngozi kama hizo, lakini hakuwahi kuziona. Machozi yalimlenga. Alitaka kumwita mtu.

Alisikia viatu vya Meno kwenye ngazi, akarudi mezani kwake.

Meno alikaa, akavaa miwani ya kukuzia, akachukua sindano. Baada ya muda akauliza, "Kaka, hebu nisaidie. Huku ubavuni kuna kitu cheusi cheusi hivi. Ni uchafu, au nikiache?"

Swali lilikuwa wazi, na jibu lilikuwa maneno mawili. Sindano alikuwa nayo mdomoni. Na papo hapo likamjia wazo lililomfanya atulie: upande wake wa jiwe nao lazima una nusu ya ngozi hiyo. Mwili ukipoteza ngozi, kivuli ndicho kitakuwa nayo. Basi tuone jina litakwenda kwa nani.

"Mimi nimepewa kivuli tu, dada," alisema bila kugeuka. "Mambo ya mwili anajua mwenye mwili."

Meno alicheka, akidhani kaka anatania. "Haya, basi nasafisha."

Tik, tik, tik. Sindano alikaa akitazama ukuta. Kila mlio ulikuwa safu moja ya ufuta. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili wivu ukamfunga. Ilichukua saa moja na robo.

Meno alipoondoka jioni ile, Sindano alifunua trei yake. Alisogeza taa chini, ikamulika kwa ubavu. Jiwe lilikuwa jeupe, safi, limesuguliwa hadi linang'aa. Alitafuta kwa jicho la kulia, kisha kwa lile lililochoka. Hapakuwa na kitu. Akakumbuka yale maji yaliyotiririka na weusi. Aliinua uso, na pale juu ya sinki maandishi yake mwenyewe yakamtazama.

Alikaa chini kwenye sakafu ambayo zamani aliipiga deki.

Alikusudia kusema kesho yake. Kesho yake Daktari alishuka na wapiga picha, chumba kikajaa, hakukuwa na nafasi. Keshokutwa alikusudia tena. Mwezi ukapita hivyo, na jambo lisilosemwa siku ya kwanza lilizidi kuwa zito kila siku, mpaka likawa halibebeki.

Kisha Daktari akawaita wote wawili ofisini.

"Jina nilitaka kumpa binti huyu," alisema, akimwonyesha Meno. "Amekataa."

Sindano alimgeukia Meno.

"Si haki, kaka," Meno alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameona haya. "Mkono huu umefundishwa na wewe. Kila nilipokwama nilikuuliza. Ningejua nini mimi, mtu wa kung'oa meno? Nimemwambia Daktari kiumbe huyu ni wa mwalimu wangu."

Sindano alishika ukingo wa meza. Wote wawili walidhani ni furaha. Daktari hata akamletea maji.

Siku ya kufungua kabati la kioo, mkewe alivaa gauni jipya na kuwatangulia watoto koridoni. Walipita moto, walipita vijidudu, walipita samaki. Hatua mbili na nusu kabla ya mlango, mjusi alikuwa amelala chini ya taa, mweupe na msafi, na mbele yake kibao cha shaba. Jina la kitaalamu lilikuwa refu, na katikati yake, baada ya miaka ishirini na sita, lilikuwemo jina la Sindano, lile alilopewa na baba yake. Meno alisimama pembeni akipiga makofi kuliko wote.

Mkewe alisoma kibao kwa sauti mpaka mstari wa mwisho. "Rangi na ngozi ya kiumbe huyu havijulikani." Akageuka. "Ah, hata wewe, baba watoto? Wewe uliyekaa naye hivyo, hukuona hata kidogo alivyokuwa?"

Michirizi ilimjia machoni, safu ya tatu, safu ya sita, safu ya tisa. Duniani kote hapakuwa na mwingine aliyeiona. Meno alikuwa anamtazama akitabasamu, akingoja naye kusikia.

"Hapana," Sindano alisema. "Mimi nilipewa kivuli tu."

Mkewe akamwambia asogee kushoto kidogo ili jina lionekane, akampiga picha.