Jiko Nililomjengea Mama Mkwe

Mwanangu, nimesikia umepata fleti ya chini pale Turffontein, na unataka kuweka jiko la makaa ya mawe kabla baridi haijaanza kuuma. Vizuri. Lakini kabla hujanunua hata kipande cha bomba, kaa nikusimulie asubuhi moja ambayo mke wangu huwasimulia wageni wakati mimi natafuna, ili nisiweze kujibu.

Unanijua. Shule niliachia darasa la tano, Kigoma, lakini leo nina karakana huku kusini mwa Afrika, mtaa wa Jeppestown, na ukitembea kutoka hapo hadi uwanja wa mbio za farasi utapita mageti yangu mengi kuliko robot, hizi taa za kuongozea magari. Wenye vyeti hunipigia simu geti likigoma. Nikiwa na miaka thelathini nilikuwa hivi hivi, ila nilikuwa bado sijajifunza kunyamaza.

Mwaka huo mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza katikati ya baridi, na mama yake akafunga safari kutoka Kigoma kuja kumuuguza uzazi. Kabla hajapanda basi alinipigia. "Baba, nasikia huko maji yanaganda kwenye ndoo. Nikikuta mjukuu wangu analala kwenye baridi, narudi naye na mama yake. Utamwona akishaanza kutembea." Hakuwa anatania. Mama mkwe wa kwetu hana utani na mkwe.

Basi nikajenga jiko. Kununua sikutaka, mimi ninunue chuma? Nilikata pipa, nikachomelea miguu minne na mlango wenye maua, yale maua ya mageti yangu. Nikaliweka chumbani, palepale watakapolala mzazi, mtoto na bibi. Bomba la moshi nilitengeneza kwa nguzo za uzio zilizobaki kazini. Kwa kuwa sikutaka kutoboa ukuta, bomba lilipanda kidogo, likapinda, likateremka nyuma ya kabati, likapinda tena, likatokea kwenye tundu la hewa karibu na sakafu. Huko nje likaishia chini ya roshani ya jirani wa juu. Nilipiga picha nikawatumia ndugu wote.

Huyo jirani wa juu alikuwa Mzee Nahimana, Mrundi, ambaye ujana wake wote alichoma matofali kwenye tanuru. Alishuka, akalitazama jiko kwa muda, mikono mgongoni.

"Petit, geti lako zuri," alisema, akiniita kijana kwa Kifaransa chake.

"Ni jiko, mzee."

"Ahaa. Na moshi utapita wapi?"

"Si unaliona bomba?"

"Naliona. Moshi hauteremki, petit. Na hewa ya kulisha moto inaingilia wapi?"

Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika hadi ngazini, kwamba yeye ni mtu wa udongo na mimi ni mtu wa chuma. Kisha nikalijaribu kwa magazeti mawili, dirisha likiwa wazi, likawaka sharp, bila kasoro. Baada ya hapo nikaliziba dirisha kwa gundi ya silikoni pande zote, joto lisitoroke.

Mama mkwe akafika Jumamosi. Jumapili asubuhi, yeye akiwa bado anakunywa chai, niliingia chumbani upesi, nikawasha makaa, nikatoka. Akaingia yeye kubadili nguo, akafunga mlango. Ndipo nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekiwaza hata kidogo: mama mkwe akiwa chumbani mwake, mimi siingii. Kwetu haiwezekani. Fundi yuko sebuleni, jiko liko ndani na wanawake wawili na kichanga.

Haikupita robo saa nikasikia kikohozi cha mke wangu, kisha cha mama mkwe. Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Mtoto alikuwa akilia, halafu kilio kikapungua. Na mimi, mwanangu, nilifanya nini? Nilibisha hodi. Taratibu.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Naomba mfungue dirisha."

"Halifunguki, baba. Umelifanya nini?"

"Basi tokeni."

"Siioni kanga yangu. Usiingie."

Nikasimama pale nimeshika kitasa, nusu baba, nusu mkwe. Mzee Nahimana ndiye aliyenikuta, ameshuka na shati lake jeupe la kanisani limegeuka rangi ya jivu kwa moshi wa bomba langu. "Unabisha hodi kwenye moshi? Ingia, mjinga wewe." Akanipiga bega, tukaingia wote wawili. Nilimnyakua mtoto, yeye akamshika mke wangu mkono, na mama mkwe akatoka nyuma yetu amejifunga pazia.

Tulikimbia kliniki. Nesi akamsikiliza mtoto kifua, akawapima wote, akasema tumewahi. Kisha akaniuliza nani alijenga jiko hilo. Nikasema ni fundi mmoja.

"Ni huyu huyu," akasema mama mkwe.

Mzee akawahamishia wanawake kwake juu. Mimi alinisema ngazini, mbele ya wapangaji waliokuwa wakianua nguo zenye masizi. "Ulipanga chuma, petit. Moto hukuupanga. Moto ni hewa inayoingia na moshi unaotoka, hayo maua ni yako mwenyewe."

Mama mkwe alikuwa ameshafunga begi. Alinipa wiki moja ya kurekebisha. Nikaenda kumwomba ruhusa mwenye jengo, nikabisha kila mlango wa juu. Nikalihamishia jiko sebuleni, nikanunua bomba halisi, likapanda wima ukutani hadi juu ya paa. Mzee aliketi kwenye kiti akinielekeza, nami nikitoboa ukuta kuweka tundu la hewa. Siku ya saba mama mkwe alishuka, akakaa karibu na moto akimenya viazi. Jioni nikaona begi lake limefunguliwa, nguo zake zimetundikwa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikaa chini, moshi wako ni mgeni wa kila aliye juu yako. Nenda kawaombe kabla hujawasha. Njia ya moshi uijue kwanza, iwe imenyooka na ipite paa. Usizibe hewa, na jiko usiliweke wanapolala watu, kwa kuwa sumu yake nyingine haina hata harufu. Na ukiulizwa swali na mtu aliyewahi kuishi na moto, lijibu swali, usijibu cheo chako.

Mungu aijaze nyumba yako joto, awape wote waliolala humo pumzi ya kuamkia, na akujalie wakwe wanaofungua mabegi.