Makaa, mtungi wa gesi na mama mkwe: mjadala uliotaka kutuzika hapa Garissa

Wakuu, amani kwenu nyote.

Juzi kulikuwa na uzi mrefu humu, watu wakivutana kama nchi iendelee na umeme wa makaa ya mawe au iachane nao. Nilisoma kurasa zote. Kila mtu na michoro yake, kila mtu anamwita mwenzake mjinga.

Mimi makaa ya mawe sijawahi kuyaona kwa macho. Ninayoyajua ni haya ya miti, ya gunia. Lakini mjadala huo huo umefanyika nyumbani kwangu, baina yangu na mama mkwe, na nusura utumalize. Nasimulia bila chumvi. Anayeshuku aje soko la mifugo aniulize, mimi ni dalali pale, ingawa najua kiapo cha dalali hakinunui hata kwato.

Ilikuwa hivi.

Mke wangu Sahra alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto wa kike, tukamwita Ubah. Alikuwa mdogo sana, nikimbeba naogopa kupumua. Siku tunatoka hospitali daktari akatuonya: kifua cha huyu mtoto ni dhaifu, moshi wa aina yoyote usimkaribie. Si wa jiko, si wa sigara, si wa ubani.

Siku hiyo hiyo nikanunua mtungi wa gesi. Jiko la makaa nikalitupa nyuma ya nyumba. Nikajiona baba wa kisasa.

Halafu akaja mama mkwe.

Hooyo Dahabo (hooyo ni mama kwetu) alishuka basi la Wajir na begi moja. Ndani mlikuwa na chetezo kilichofungwa kwenye shuka, kopo la unsi alioutwanga kwa mkono wake, na chini kabisa, chini ya nguo, makaa. Mtu amesafiri na makaa kutoka Wajir! Ati makaa ya Garissa yanarusha cheche, hayana adabu.

Kwa wasiojua mila zetu: mzazi hukaa ndani siku arobaini, na kila jioni chumba chake na nguo zake hufukizwa unsi. Ni ubani uliochanganywa na sukari na manukato, na hauwaki bila kaa la moto. Kufukiza ndiyo namna ya mama kumwambia binti yake, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika.

Jambo la pili mlijue, maana ndilo lenye kisa chote.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wana heshima nzito. Simtazami usoni. Sili naye. Chumba alichomo siingii; nakohoa mlangoni, nasubiri ajifunike aniruhusu. Kumwamrisha ndiyo haipo kabisa.

Sasa niambieni, utamkatazaje moshi mwanamke ambaye huna ruhusa hata ya kumtazama?

Jioni ya kwanza Sahra alimweleza maneno ya daktari. Hooyo akajibu kwamba daktari mwenyewe alifukizwa ndiyo maana akapata akili ya kusoma.

Nikabaki na njia moja. Nikamchukua Ubah, nikaketi sebuleni, nikasema kwa sauti ya mnada (tuliongea Kisomali, nawatafsiria):

"Ubah, aabo, mwambie ayeeyo daktari amekataza moshi."

Aabo ni baba, na kwetu baba humwita mwanawe hivyo hivyo; ayeeyo ni bibi. Jibu likatoka nyuma ya pazia la chumba cha mzazi:

"Ubah, mwambie baba yako nimelea saba kwa moshi huu, na mmoja wao ndiye aliyemuoa."

Ubah akapiga chafya. Kila upande ukasema mtoto ameuunga mkono.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mtoto hajui hata kushika shingo, tayari ni mkalimani. Nikitoka sokoni nampakata, nafungua kikao.

Tulikubaliana mapema kwamba chetezo kitawaka uani, nguo zifukizwe huko huko, na mtoto asisogee. Lakini mjadala wenyewe haukuisha, nadhani kwa sababu sote tulikuwa tunaufurahia. Sahra alikuwa akicheka hadi anashika tumbo. Na nisiwafiche, nilianza kumpenda yule mama. Ana ulimi mkali na moyo laini, na sikuwa nimewahi kusikia sauti yake zaidi ya salamu.

Siku moja nilileta hoja yangu kubwa. Nikasema, "Ubah, mwambie ayeeyo mimi naona mifugo inayoshushwa sokoni. Zamani njia yote ya kupita kambi ya wakimbizi ya Ifo mbuzi walikuwa wanakula majani ya migunga. Sasa migunga imeingia kwenye magunia, na mbuzi wanafika mbavu nje. Sisi ni wafugaji. Tukichoma miti tunajichoma wenyewe."

Nikajua nimemaliza kazi.

Nyuma ya pazia akasema polepole, "Ubah, mwambie baba yako maneno yake ni kweli. Kisha umuulize kuhusu dada yangu Habiba. Ukame ulimaliza mbuzi wake wote. Ni mjane. Leo anachoma makaa nje ya Wajir. Akiacha ale nini, upepo?"

Wakuu, nilimrudisha mtoto kwa mamake nikaenda msikitini mapema.

Halafu ikaja mvua.

Mnaijua mvua ya huku. Inakawia mpaka mnasali kuiomba, ikija inakuja na deni lote. Maji yakakata barabara ya Nairobi, malori yakakwama ng'ambo. Na mtungi wangu ukachagua wakati huo kuisha. Nilizunguka maduka yote ya mji. Gesi hakuna.

Hooyo hakusema "nilikwambia." Alilifuata jiko kule nilikolitupa, akalifuta matope kwa mkono wake. Makaa yake ya Wajir ndiyo yalitupikia uji na kuchemsha maji ya mtoto. Kwa hiyo msiniletee hapa ubishi kwamba makaa hayana faida. Nimeyala.

Mwanzoni alipikia barazani. Lakini mvua ikageuka ikawa ya upepo, ikawa inapiga hadi ndani. Nguo za mtoto hazikauki. Chumba kina baridi. Mimi niko sokoni nahangaika na mbuzi wa watu walioloa.

Niliporudi alasiri, nikakuta mlango wa chumba cha mzazi umefungwa. Nikakohoa kama kawaida.

Kimya.

Nikafikiri wamelala. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Nikaita, "Sahra?" Nikamsikia Ubah analia, lakini kilio chembamba, kama cha mtu aliye mbali. Na hakuna mtu anayembembeleza.

Lakini ndani kuna mama mkwe, pengine amelala kichwa wazi. Mwili wangu mzima umefundishwa tangu utotoni kwamba mlango huo haufunguliwi. Nilisimama nimeshika kitasa. Sijui kwa muda gani, na sitaki kujua.

Kisha Ubah akanyamaza.

Nikausukuma mlango kwa bega.

Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa mekundu yamefunikwa na majivu, hata moshi hakuna. Juu yake nguo za mtoto zimetundikwa zikauke. Hewa nzito, ya joto, inayobana kichwa. Sahra kitandani anafumbua macho na kuyafumba. Hooyo amelala chini, karibu kabisa na jiko.

Ubah nilimtoa kwanza. Alikuwa amelazwa chini ya dirisha bovu lisilofunga sawasawa, lile ambalo Sahra alikuwa akinisema kila wiki nilitengeneze. Alhamdulillah kwa uvivu wangu. Jirani akampokea mvuani. Sahra akatembea huku nimemshika, anatapika.

Nikarudi kwa Hooyo.

Mtandio ulikuwa umemtoka. Nilivua kitambaa changu cha begani nikamfunika kichwa, halafu nikambeba. Mama mkwe wangu, mikononi mwangu, kama nilivyombeba binti yake siku ya kumpeleka kujifungua. Niliona aibu na hofu, lakini hofu ilikuwa kubwa mara mia.

Tukapanda tuktuk, maji yanapita magurudumuni.

Hospitali waliwawekea hewa ya mtungi. Wakatueleza kwamba makaa katika chumba kilichofungwa yanatoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwamba mtu haamki, analala tu. Mimi muda wote nilikuwa nabishana na moshi. Kumbe chenye kuua hakionekani.

Hooyo alipozinduka, nesi, dada wa Kikamba, alimuuliza anaumwa wapi. Nikamsikia akijibu kwa Kiswahili chake cha soko:

"Habana mimi. Mtoto kwanza. Mtoto nabumua?"

"Anapumua vizuri, mama. Yuko wodi nyingine na mamake."

Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, uso ukutani, kama adabu inavyotaka. Nikasikia anaita jina langu. Hakuwahi kulitamka mbele yangu.

"Hassan. Leo sina mtoto wa kumtuma. Ingia."

Nikaingia, macho chini.

"Ni wewe uliyenibeba?"

"Ndiyo, hooyo."

"Mimi ni mzito?"

"Hapana, hooyo."

"Mwongo," akasema. Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akanishika mkono hakuuachia. Wakuu, nililia mbele ya nesi na sijuti.

Basi, nilichojifunza.

Makaa si shetani. Yalitupikia pale gesi ilipotukimbia. Lakini si mali ya kuendelea kuitegemea, yanakula miti na yanaingia chumbani kimyakimya. Ukilazimika, yapikie penye hewa hata kama mvua inakuloa.

Na anayetaka watu wayaache asiishie kukataza. Aanze na akina Habiba. Mimi nilimpelekea mbuzi wachache kwa gari la Wajir, si wengi, wa kuanzia tu. Hajaacha kuchoma kabisa. Amepunguza.

Ubah anatambaa sasa, kifua chake kizima, mashallah. Hooyo amerudi kwake, na akipiga simu ananitaka mimi kabla ya binti yake, jambo ambalo Sahra hajalisamehe.

Kwenu mnatumia nini, na mtungi ukiisha barabara ikiwa imekatika mnafanyaje? Mwageni maoni. Ila chungeni ndimi, kwa sababu nimemuahidi Hooyo kumsomea kila jibu, na sasa ana ruhusa ya kunijibu mwenyewe.